Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Jeneza Lipo, Kisanduku Je?



Natumai funga inakwenda vizuri na daku haikukupita. Leo tuna swali moja tu, na naomba usilijibu haraka.

Mtu akianguka mbele yako, moyo wake ukasimama, nawe si daktari, si muuguzi, hujasomea chochote: je, una faradhi juu yake, au umesamehewa?

Wengi wetu tutajibu kwa nia safi kabisa: "Mimi nitafanya nini jamani? Hayo ni ya wataalamu. Nitapiga simu, nitamwombea dua." Zamani jibu hilo lilikuwa na uzito. Leo naomba tulipime upya, maana kuna kitu kimebadilika, na kitu chenyewe kimetundikwa ukutani. Ukipita viwanja vya ndege, stesheni za treni, maduka makubwa, viwanja vya mpira, na hata baadhi ya misikiti huko Uingereza, utakiona: kisanduku chenye alama ya moyo uliopigwa radi katikati, na herufi AED. Ni mashine ya kushtua moyo.

*Tuanze na jeneza*

Nenda msikiti wowote wa mtaani kwetu, uliza jeneza liko wapi. Utaonyeshwa: stoo, au nyuma ya chumba cha udhu, au limeegeshwa ukutani. Hakuna aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa kamati akauliza, "Hivi kweli litatumika?" Wote tunajua litatumika. Na mtu akifa saa nane usiku, mambo yanakwenda yenyewe. Yupo wa kuosha, yupo wa kukata sanda, vijana wapo kaburini kabla jua halijachomoza. Wengi wao hawakulipwa wala hawakuajiriwa. Walijifunza kwa kusimama pembeni ya wakubwa zao wakaangalia.

Hiyo ndiyo faradhi kifaya. Wakiitekeleza baadhi, wengine wote wamepona. Wakiiacha wote, dhambi ni ya wote. Tunaijua vizuri, na kwa maiti tunaitekeleza vizuri, alhamdulillah.

Sasa geuza saa nyuma kidogo. Yule tunayemwosha alfajiri, jana usiku alikuwa safu ya tatu kwenye tarawehe. Alianguka baada ya rakaa ya nane. Watu walimzunguka. Mmoja akampepea kwa kofia, mmoja akaleta maji, mmoja akamsomea, mmoja akakimbia kutafuta gari. Zikapita dakika kumi na tano. (Huu ni mfano tu, simsemi mtu. Lakini wewe mwenyewe unajua haujatoka mbali.) Katika zile dakika, faradhi kifaya ilikuwa wapi? Au faradhi yetu inaanza mtu akishakata roho?

*Kinachotokea kifuani*

Tuelewane kwanza kuhusu moyo, kwa ufupi.

Moyo hupiga kwa mpangilio wa umeme mdogo unaotoka ndani yake wenyewe. Wakati mwingine mpangilio huo unavurugika ghafla. Moyo unakuwa haujatulia, lakini pia haupigi: unatetemeka ovyo, kila kipande na lake, na damu haisukumwi. Mtu anaanguka, haitiki, hapumui sawasawa. Anaweza kukoroma au kutweta kama samaki aliyetolewa majini, na watu wakasema "anapumua huyo." Kule si kupumua.

Shoti ya umeme inayopita kifuani inauzima ule mtafaruku wote kwa mara moja, ili moyo upate nafasi ya kuanza upya kwa mpangilio wake. Mashine haiwashi moyo uliozimika kabisa, na wala haina kazi kwa mtu aliye macho anayelalamika kifua kinambana. Huyo apelekwe hospitali haraka. Kazi yake ni kwa yule aliyeanguka na moyo wake unatetemeka.

Na muda ndio kila kitu. Kila dakika inayopita bila shoti na bila mtu kumkandamiza kifua, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe: gari la wagonjwa likichukua dakika kumi na tano kufika, linakuta nini?

*Uwezo umehama*

Mwaka 1965 huko Belfast, daktari mmoja wa moyo, Frank Pantridge, alitoa mashine ya kushtua moyo hospitalini akaipakia kwenye gari la wagonjwa. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 na iliendeshwa kwa betri za gari. Aliona kwamba watu wanakufa kabla hawajamfikia, basi akaamua yeye awafikie. Hata hivyo, mashine ile ilihitaji mtaalamu wa kusoma mapigo ya moyo na kuamua: nipige au nisipige?

Mashine ya leo inabebeka kwa mkono mmoja, na uamuzi inaufanya yenyewe. Unaifungua, inaanza kusema nawe. Inakuambia bandika pedi hizi mbili kwenye kifua kitupu na kikavu, na picha imechorwa kwenye pedi: moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Inakuambia usimguse mgonjwa, inasoma moyo. Ikikuta moyo hauhitaji shoti, haitoi hata ukibonyeza mara mia. Ikikuta unahitaji, inakuambia bonyeza, na nyingine zinapiga zenyewe. Baada ya hapo inakuambia endelea kukandamiza kifua.

Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya jaribio moja lililofanyika Marekani. Walichukua watoto wa darasa la sita ambao hawajawahi kufundishwa mashine hii, wakawapa mwanasesere na mashine, wakawaambia tumieni. Wakawalinganisha na wahudumu wa dharura waliosomea kazi. Wahudumu walitumia wastani wa sekunde 67. Watoto walitumia sekunde 90. Tofauti ni sekunde 23 tu.

Utasema, mwanasesere si mtu. Sawa. Twende Chicago. Kuanzia mwaka 1999 viwanja vitatu vya ndege vya jiji lile viliwekewa mashine hizi, kila moja ikiwa mwendo wa haraka wa sekunde 60 hadi 90 kutoka nyingine. Katika miaka miwili, watu 18 walianguka wakiwa na ule mtetemo wa moyo. Kumi na moja walirudishiwa uhai. Na waliowaokoa sita kati ya hao 11 hawakuwa na mafunzo wala uzoefu wa mashine ile. Tuseme ukweli wote: watatu kati ya waokoaji hao walikuwa na shahada ya udaktari. Lakini waliobaki walikuwa watu wa kawaida tu, waliosimama wakafungua kisanduku. Na wale wanne ambao mashine haikuwa karibu, au haikutumika ndani ya dakika tano, hakuna aliyepona.

Basi unaona kilichohama. Zamani uwezo wa kuokoa ulikuwa kwa mtaalamu aliye mbali. Sasa umekuja kwa yeyote aliye karibu.

*Na faradhi hufuata uwezo*

Hapa ndipo penye swali letu. Sheria yetu haimkalifishi mtu asiloliweza. Lakini geuza upande wa pili: ukipewa uwezo, umepewa na jukumu. Asiyejua kuogelea hakulaumiwa kwa kutojitosa. Je, aliyerushiwa boya mkononi, akasimama nalo huku mtu anazama?

Wanazuoni wetu hawakuiona mashine hii, lakini jambo lenyewe walilijua. Izz bin Abdis-Salaam, mwanachuoni wa Kishafi'i wa karne ya 7 Hijria, alieleza kwamba kumwokoa anayezama kunatangulizwa juu ya swala. Na akataja mwezi huu huu wa Ramadhani: ukiwa umefunga, ukaona mtu anazama, na huwezi kumtoa mpaka ufungue, unafungua, unamtoa. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Swala utailipa, funga utailipa, na aliyezama hakuna siku ya kumlipa.

Kisha nenda kwa Wamaliki. Khalil bin Is-haaq, katika Mukhtasar yake mashuhuri, anataja watu wanaobeba dhamana kwa sababu ya kuacha tu, bila kumgusa mtu. Miongoni mwao ni aliyekuwa na uzi wa kushonea jeraha la tumbo, mwenzake akauhitaji, naye akauzuia. Uzi tu, ndugu yangu! Hakumchoma kisu, hakumsukuma. Alikuwa na kifaa, na kifaa kilihitajika. Na hata wanazuoni wasiofika mpaka kumtoza fidia, hawakumwambia kwamba hana dhambi.

Sasa fikiria kisanduku kilichofungiwa ofisini, na ufunguo anao bwana fulani aliyekwenda nyumbani kufuturu. Huo si uzi uliozuiliwa? Hakuna aliyekusudia ubaya, naam. Walihofia wizi, na hofu ya wizi si uongo. Uingereza nako wanaihofia. Baadhi ya visanduku vyao vya barabarani, vingine ndani ya vile vibanda vyekundu vya simu vya zamani, vimefungwa kwa namba ya siri. Lakini ukipiga simu ya dharura 999, unatajiwa namba hapo hapo. Ukiamua kufunga, basi ufunguo uwe umbali wa sekunde.

*Nyudhuru zetu*

"Nikimgusa nitamuua." Huyu ndugu haitiki na hapumui. Moyo wake hausukumi damu. Yuko tayari kwenye lile unaloliogopa, na ukimwacha atabaki hapo hapo. Na mashine haikuruhusu kumpiga shoti asiyehitaji. Unaweza kumvunja ubavu kwa kukandamiza, ni kweli, hutokea. Ubavu unaunga.

"Siku yake imefika." Umejuaje? Nani kakuonyesha kilichoandikwa? Mtoto wako akitumbukia kisimani hutasema siku yake imefika, utatafuta kamba. Ajali iko kwa Mwenyezi Mungu. Sisi tumeachiwa kufunga ngamia.

"Ni mwanamke, nitamvulia vipi nguo?" Hili si la kudharau, kwa sababu lina watu linalowaua. Utafiti wa Marekani uliotoka 2018 ulikuta kwamba wanaume wanaoanguka hadharani, asilimia 45 hukandamizwa kifua na waliopo. Wanawake ni asilimia 39. Kwa hiyo haya hii si yetu peke yetu. Sheria imeshalijibu: dharura huhalalisha kilichokatazwa, kwa kiasi cha dharura. Unafungua panapohitajika pedi, basi, hupiti hapo. Na waliobaki wana kazi yao, kusitiri. Unakumbuka Juni 2021, Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland? Wenzake walimzunguka wakageuza nyuso nje, dunia nzima isimwone, huku ndani ya duara akikandamizwa kifua na kupigwa shoti. Alipona, na baadaye akarudi kucheza. Wale vijana walijua kusitiri na kuokoa vinakwenda pamoja. Sisi tuna kanga, tuna leso, tuna shuka za msikiti. Tunashindwa nini kufanya duara?

"Wapo wengine wanaojua zaidi." Huu ndio udhuru ninaouogopa kuliko wote, kwa sababu kila mmoja kwenye kundi anausema kimoyomoyo, na mtu anakufa katikati ya watu mia mbili. Faradhi kifaya haikuwekwa ili kila mtu amwangalie mwenzake. Ukiona hakuna aliyeanza, imeshakuwa yako wewe.

*Nyumba ya kamari*

Hili linaniuma kidogo kulisema, lakini nalisema.

Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti kuhusu nyumba za kamari za Marekani. Walinzi wake walikuwa wamefundishwa kutumia mashine ya kushtua moyo. Watu 105 walianguka wakiwa na ule mtetemo, na 56 walitoka hospitalini wakiwa hai. Kwa wale walioonekana wakianguka na kupigwa shoti ndani ya dakika tatu, walipona asilimia 74. Zikipita dakika tatu, asilimia 49.

Kwa nini pale? Kwa sababu mle ndani kuna kamera kila kona, na walinzi wanaoangalia kila meza. Wanalinda pesa. Na kwa kulinda pesa, wakamwona mtu anavyoanguka.

Sisi tunasimama bega kwa bega. Hakuna kamera inayoweza kumwona mtu karibu kuliko jirani yako wa safu. Unasikia hata pumzi yake. Hivi mcheza kamari awe na matumaini ya kuishi kuliko mwenye kuswali, na tofauti ni kisanduku kimoja na saa mbili za mafunzo?

*"Lakini kwetu haipo"*

Najua. Wengi mnaosoma hapa mko Mombasa, Tanga, Unguja, Kigoma, Bujumbura, na mashine hii hamjaiona ila kwenye sinema. Wengine mko Muscat, London au Toronto, na mnaipita kila siku. Kila mmoja ana fungu lake.

Wewe unayeipita: leo tu, jua iko wapi. Kazini kwako, msikitini kwako, stesheni yako. Iangalie kama unavyoangalia mlango wa kutokea moto ukizuka.

Wewe usiye nayo: una mikono. Kukandamiza kifua hakumalizi kazi ya mashine, lakini kunausogezea ubongo damu kidogo na kununua muda. Mtikise, mwite. Haitiki, hapumui kawaida? Mtume mtu mmoja kwa kumtaja, "Wewe mwenye shati jeupe, piga simu ya dharura, tafuta gari." Mlaze chali sakafuni. Kiganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, mikono imenyooka, kandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, acha kifua kirudi juu kila mara. Ukichoka, mpokezane. Funga yako haiharibiki kwa kumkandamiza mtu kifua. Na ukiwa ndani ya swala, katisha, swala itakungoja.

Na haya yanafundishika kwa umma mzima. Denmark mwaka 2005 waliyaingiza shuleni kwa sheria, na 2006 wakamtaka kila anayeomba leseni ya gari ayasome. Mwaka 2001, karibu watu 21 kati ya 100 walioanguka nje ya hospitali walisaidiwa na waliopo. Mwaka 2010 walifika karibu 45. Waliokuwa hai siku 30 baadaye walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Mambo mengi yalichangia, lakini kujifunza kwa watu wa kawaida lilikuwa mojawapo.

Kuhusu kununua mashine, tusidanganyane. Ni ghali, nyingi hupita dola elfu moja, na kuna mitaa ambayo pesa hiyo ina haki ya kwanza kwenye maji, au kwenye wodi ya wazazi. Kamati ikikaa ikapima kwa uaminifu ikaona maji kwanza, imefanya kazi yake. Nisichokielewa ni kamati inayokosa pesa ya mashine katika mwaka ule ule iliobadilisha mazulia ambayo hayajachakaa.

Na mkiinunua, mwekeeni msimamizi kama mnavyoweka msimamizi wa wakfu. Betri inakwisha, pedi zina tarehe ya kuisha. Mashine yenye betri iliyokufa ni kisima chenye ndoo iliyotoboka: watu watakikimbilia kwa kiu, na kitawapotezea muda ambao hawana.

*Turudi kwenye swali*

Si daktari, hujasomea: umesamehewa?

Naona hivi. Ambaye hakupata njia ya kujua, na hakuwa na kifaa, Mwenyezi Mungu ni mwenye rehema na hamkalifishi zaidi ya uwezo. Lakini anayeweza kujifunza kwa saa mbili akaahirisha miaka kumi, huyo kutojua kwake amekuchagua mwenyewe. Sidhani kutasimama kama udhuru. Suratul-Maida imeupa uhai wa mtu mmoja uzito wa watu wote. Uzito huo hatukuambiwa ni wa madaktari peke yao.

*Kazi ya leo, kabla ya futari:*

1. Mwulize imamu au katibu wa msikiti: mtu akianguka leo kwenye tarawehe, nani anafanya nini?
2. Tafuta mtu mmoja mtaani anayejua huduma ya kwanza, nesi, mwalimu wa skauti, kijana wa Hilali Nyekundu au Msalaba Mwekundu, mwombe aje afundishe baada ya swala ya Alasiri. Akina mama nao wapate siku yao na mwalimu wao.
3. Fundisha nyumbani. Wengi huangukia nyumbani, na atakayekuwa karibu nawe ni mkeo, mumeo au mwanao.

Ya Rabbi, tujaalie tuwe karibu na wanaotuhitaji, na tukiwa karibu, utupe mikono inayojua la kufanya. Warehemu waliotutoka tukiwaangalia bila kujua. Uzipokee funga zetu. Amin.

Mtumie ujumbe huu katibu wa msikiti wako. Kesho in shaa Allah, siku ya 18.

Wassalaamu alaykum.